Jabari Aliyevuliwa Umeme: Blue Bolt, Vita vya Pili vya Dunia na Suala la Shujaa katika Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia fupi ya mhusika mmoja wa hadithi za katuni za Marekani ambaye alizaliwa mwaka 1940, akapewa nguvu za radi, akavuliwa nguvu hizo wakati vita vilipokuwa vikiendelea, kisha akasahauliwa. Jina lake ni Blue Bolt, yaani Radi ya Buluu. Huenda msomaji akauliza mhusika wa namna hiyo anahusu nini idara ya lugha za Kiafrika, na swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kisa chake kinatulazimisha kuyapima upya maneno mawili ambayo katika mihadhara yetu ya fasihi tumezoea kuyatumia kana kwamba yana maana moja, nayo ni shujaa na jabari. Aidha, kisa hicho kinatuonya kuhusu maandishi yetu wenyewe ya wakati ule ule, ambayo yanazidi kupotea huku tukijadili kama yanastahili kuitwa fasihi.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii: Blue Bolt aliumbwa akiwa jabari, yaani mwenye nguvu zisizozuilika. Vita vya kweli vilipowafikia Wamarekani, wasomaji walihitaji shujaa, yaani mtu anayeweza kuumia na bado akasonga mbele. Waliomwandika wakamvua umeme ili wampate shujaa huyo, lakini hawakubakiza kitu ambacho mtu angeweza kukikumbuka.

2. Kuzaliwa kwa Blue Bolt

Vitabu vya katuni vya Marekani vilipata umaarufu mkubwa baada ya Superman kutokea mwaka 1938. Wachapishaji wengi waliingia katika biashara hiyo, na kila mmoja alitaka kuwa na mhusika wake mwenye nguvu zipitazo za binadamu. Kampuni ya Curtis ya Philadelphia, iliyojulikana kwa jarida lake la Saturday Evening Post, iliingia kwa kutumia jina la Novelty Press. Chini ya jina hilo likatolewa jarida la Blue Bolt, ambalo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Juni 1940, na bei yake ilikuwa senti 10.

Mwandishi na mchoraji wa hadithi ya kwanza alikuwa Joe Simon, aliyezaliwa mwaka 1913 katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Katika toleo la pili alijiunga naye kijana aliyezaliwa mwaka 1917 katika jiji la New York, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi, aliyejiita Jack Kirby. Wawili hao walishirikiana hadi toleo la kumi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ushirika ambao wanahistoria wa katuni huuhesabu miongoni mwa shirika kubwa kabisa za sanaa hiyo. Kwa hiyo Blue Bolt hakutoka katika mikono dhaifu, na kusahauliwa kwake hakuwezi kuelezwa kwa kusema kwamba waliomuumba hawakuijua kazi yao.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Fred Parrish ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard na mchezaji hodari wa mpira wa Kimarekani. Anapigwa na radi. Anaokolewa na mwanasayansi aitwaye Bertoff, anayeishi katika nchi iliyofichika chini ya ardhi, na kutibiwa kwa madini ya radiamu. Anapopata nafuu anajikuta na nguvu za umeme, anavaa vazi la buluu, na kuanza kupigana na malkia mchawi wa nchi hiyo ya chini, ambaye huitwa Green Sorceress. Ndivyo anavyopata jina lake.

Mambo mawili katika masimulizi haya yanastahili kuangaliwa. Kwanza ni umeme. Mwaka 1935, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipoanzisha shirika la kupeleka umeme mashambani, takriban shamba moja tu katika kila mashamba kumi ya Marekani lilikuwa na umeme. Mtoto aliyenunua Blue Bolt mwaka 1940 huenda alikuwa ameiona taa ya kwanza nyumbani kwao miaka michache tu iliyotangulia. Umeme ulikuwa bado una miujiza. Pili ni radiamu. Tayari mwaka 1928 wanawake waliokuwa wakipaka rangi ya radiamu kwenye saa katika jimbo la New Jersey walikuwa wamelipwa fidia kwa sababu rangi hiyo iliwadhuru miili yao. Hata hivyo, katika katuni radiamu ilibaki kuwa dawa. Fasihi ya umma mara nyingi huchelewa kupata habari mbaya.

Wala Blue Bolt hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1940 kampuni ya Ace ilitoa mhusika aliyeitwa Flash Lightning, ambaye baadaye alibadilishwa jina akawa Lash Lightning. Kampuni ya Fawcett nayo ilimtoa Captain Marvel, aliyevaa alama ya radi kifuani. Twaweza kusema kwamba mwaka 1940 radi iliangukia takriban kila meza ya mchoraji mjini New York.

3. Kuvuliwa umeme

Simon na Kirby walipoondoka, hadithi iliendelea mikononi mwa watu wengine. Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani waliishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Tangu hapo mabadiliko yalimjia Blue Bolt polepole. Nchi ya chini ya ardhi ikaachwa. Malkia mchawi akatoweka. Nguvu za umeme zikafifia mpaka zikaondolewa kabisa, na vazi la buluu likafuata. Fred Parrish akawa mtu wa kawaida anayepambana na maadui wa taifa lake kama askari mwingine yeyote. Jina la jarida lilibaki lile lile, lakini radi haikuwamo tena.

Mwaka 1949 Novelty Press iliacha biashara ya katuni na kuuza mali yake kwa mchoraji L. B. Cole, aliyekuwa na kampuni ya Star. Muda si muda jina la Blue Bolt lilitumiwa kubeba hadithi za kutisha. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alichapisha kitabu chake cha kuzishutumu katuni kwamba zinawaharibu watoto, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za udhibiti. Kampuni nyingi ndogo zilikufa. Kufikia wakati huo Blue Bolt alikuwa amekwisha kusahauliwa.

Twapaswa kuwa waangalifu hapa. Sababu ya kwanza ya kusahauliwa kwake ni ya kibiashara: hakuwa na tajiri wa kumlinda. Captain Marvel, ambaye mwaka 1944 matoleo yake yaliuzwa kwa mamilioni kupita hata Superman, alinyamazishwa mwaka 1953 kwa sababu ya kesi ya mahakamani, akarejeshwa katika miaka ya 1970 na kampuni ile ile iliyokuwa imemshtaki. Captain America, aliyeumbwa na Simon na Kirby wenyewe katika toleo lenye tarehe ya Machi 1941, aliachwa baada ya vita akafufuliwa mwaka 1964. Mwenye mali ndiye huamua nani afufuliwe.

Lakini biashara peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Mfanyabiashara hufufua kile ambacho anaamini watu watakitaka. Ni lazima tuulize kile walichokuwa nacho hao wawili ambacho Blue Bolt hakuwa nacho.

4. Shujaa na jabari

Nilipokisimulia kisa hiki kwa wazee wa Githongo, katika Abothuguchi, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, hawakushangazwa na mtu kuwa na radi mwilini. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, nguvu hizo alikabidhiwa na nani? Na yeye alimpa nini aliyemkabidhi?" Nilipomjibu kwamba hakukabidhiwa na mtu, bali alipigwa tu na radi akiwa mchezoni, alisema kwamba basi huyo alikuwa na bahati, na bahati haisimuliwi mara mbili.

Swali la mzee huyo lina mizizi katika mapokeo ya Wameru. Mapokeo hayo husimulia kwamba walipokuwa utumwani kule Mbwa, chini ya watu waliovaa nguo nyekundu, walioongozwa kutoka huko waliongozwa na Koomenjoe, ambaye aliyapiga maji kwa fimbo yake yakagawanyika. Nguvu hiyo haikuwa ya kujifurahisha. Ilitokea mara moja, kwa haja ya watu wote. Vivyo hivyo kwa Mugwe, kiongozi wa dini ambaye padri Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1959. Uwezo wa Mugwe wa kubariki ulikuwa katika mkono wake wa kushoto, na mkono huo haukuonyeshwa ovyo mbele ya watu. Nguvu yake ilikuwa amana: ilifunikwa, ikatunzwa, ikatumiwa kwa niaba ya wengine.

Tukigeukia Kiswahili chenyewe, tunaona kwamba lugha yetu imekwisha kuifanya tofauti hii ambayo sisi wahadhiri huisahau. Maneno yote mawili tuliyoyataja yametoka katika Kiarabu. Shujaa asili yake ni ujasiri. Jabari asili yake ni kushinda na kulazimisha kwa nguvu. Ujasiri hauwezi kuwapo pasipo hatari. Mtu ambaye risasi haimpati na maumivu hayamgusi hana jambo la kulishinda ndani ya nafsi yake. Anaweza kuwa jabari mkubwa, lakini neno shujaa halimkai sawasawa.

Mfano bora ni Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913. Liyongo ni jabari bila shaka. Lakini utendi haukumwacha hapo. Afungwapo gerezani, hatoki kwa nguvu zake peke yake: mama yake huficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, mjakazi Saada huupeleka, na watu walio nje hupiga ngoma na kuimba ili sauti ya tupa isisikike. Tena mwili wake una mahali pamoja pa kufia, nao ni kitovu, na siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe. Jabari huyu ana deni kwa watu na ana kifo ndani yake. Kwa hiyo akawa shujaa, na kwa hiyo anakumbukwa.

Sasa tuwapime wale Wamarekani wawili kwa kipimo hiki. Captain America, kabla ya kupewa nguvu, ni Steve Rogers, kijana mnyonge aliyetaka kujiunga na jeshi akakataliwa kwa udhaifu wa mwili. Yeye alikuwa shujaa kwanza, ujabari ukaja baadaye. Captain Marvel ni Billy Batson, mtoto yatima ambaye mzee mwenye hekima anamkabidhi neno moja; akilitamka anapigwa na radi na kuwa mtu mwenye nguvu, akilitamka tena anarudi kuwa mtoto. Nguvu zake ni amana, na udhaifu wake u pale pale. Lakini Fred Parrish alikuwa hodari kabla ya radi na akawa hodari zaidi baada yake. Kwake hakuna deni wala aibu, na hakuna pengo ambalo msomaji angeweza kuingia.

Kwa mtazamo huu tunaweza kuelewa kilichotokea baada ya mwaka 1941. Msomaji aliyekuwa na kaka yake vitani hakuweza kuridhika na mtu wa radi. Angeweza kuuliza: ikiwa mtu huyu ana umeme mikononi, kwa nini kaka yangu ndiye anayekufa? Waandishi wa Blue Bolt hawakuwa na jibu ndani ya hadithi yao, kwa kuwa hawakumwekea mhusika wao mpaka wowote. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kumvua nguvu. Walijaribu kumgeuza jabari awe shujaa kwa kutoa, ilhali utendi wa Liyongo ulifanya hivyo kwa kuongeza.

5. Radi, umeme na stima

Kiswahili kinatupa msaada mwingine. Neno bolt la Kiingereza kwetu ni radi, yaani ile inayopiga. Nguvu inayowasha taa tunaiita umeme, jina tulilolichukua kutoka kwa mwanga wa angani. Na katika Kenya watu wengi huiita stima, neno ambalo pwani lilikuwa jina la meli ya moshi kabla ya kuhamia kwenye nyaya. Radi humwangukia mtu, umeme huonekana, stima huletwa na kampuni na kulipiwa. Blue Bolt ana radi katika asili yake na umeme katika mapigano yake, lakini hana stima: nguvu zake ni za kupiga, si za kuangaza nyumba ya mtu.

Kwetu sisi umeme ulifika kwanza kama stima. Kampuni za Mombasa na Nairobi zilizoanza mwaka 1908 ziliungana mwaka 1922, zikawa kampuni moja iliyohudumia miji. Mto Thiba hushuka kutoka Mlima Kenya na kuingia katika ziwa la Kamburu, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1974, kati ya Kindaruma ya mwaka 1968 na Gitaru ya mwaka 1978. Watu wengi wa Embu na Meru waliishi miaka mingi wakitazama nguzo za umeme zikipita juu ya mashamba yao kuelekea mijini. Kwa watu hao umeme haukuwa ndoto ya mwili wenye nguvu, bali swali la nani kaupata na nani kaukosa. Si ajabu basi kwamba fasihi yetu pendwa haikuzaa jabari wa umeme. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ana bunduki na akili, na anaweza kupigwa.

6. Maandishi yetu ya vita

Wakati Blue Bolt alipokuwa akipoteza umeme wake, maelfu kwa maelfu ya Waafrika Mashariki walikuwa jeshini. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapita katika bonde la Kabaw nchini Burma katika masika yenye matope na homa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu wapatao 1,300 wakafa maji, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hao hawakuwa na radi mikononi.

Lakini walikuwa wasomaji. Gazeti la Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka 1939, na jeshi lilikuwa na magazeti yake kwa ajili ya askari, kama Askari na Heshima. Yalikuwa vyombo vya propaganda, hilo hatulifichi. Hata hivyo, humo ndimo Kiswahili cha bara kilimojifunza kusimulia vita vya kisasa: ndege, nyambizi, mizinga na safari za bahari. Katika miaka hiyo hiyo Shaaban Robert alikuwa akizishughulikia habari hizo hizo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Tofauti ya hatima ya maandishi haya ni funzo kwetu. Utenzi ulihifadhiwa kwa sababu ulikuwa na taasisi ya kuupokea: mapokeo ya tenzi, mchapishaji, shule na chuo kikuu. Magazeti ya askari yalifungiwa sukari na chumvi. Huko Marekani katuni nazo zilikusanywa pamoja na karatasi chakavu ili zisaidie juhudi za vita, na watoto waliozipenda ndio waliozipeleka. Lakini nyingi ziliokoka, kwa sababu wapenzi wasio na vyeo vyovyote vya kitaaluma walizitunza, na katika karne hii wakazinakili katika intaneti. Leo Blue Bolt wa mwaka 1940 anasomeka bila malipo na mtu yeyote, hata aliyeko Githongo. Mhusika aliyesahauliwa na taifa lake ni rahisi zaidi kumpata kuliko toleo la Heshima ambalo babu zetu walilisoma Burma.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Blue Bolt alisahauliwa kwa sababu mbili zinazosaidiana: hakuwa na mwenye kumlinda, na nguvu zake hazikuwa na deni wala mpaka. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa kutenganisha shujaa na jabari, kilikuwa na chombo cha kulieleza jambo hili kabla hatujakiazima kutoka kwa wahakiki wa ng'ambo. Ni vyema tukitumie chombo hicho. Mwanafunzi anayeandika kwamba Liyongo ni shujaa kwa sababu alikuwa na nguvu nyingi ameshika nusu ya jambo, tena nusu iliyo nyepesi.

Lakini hatupaswi kuishia hapo. Mchoraji Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya kwa miongo mingi, na vizazi vya wasomaji vilijifunza kucheka kwa Kiswahili kupitia kwake. Katika orodha zetu za vitabu vya kusomwa jina lake halionekani. Idara zetu zina wanafunzi wanaorudi makwao kila likizo. Tukiwatuma na swali moja tu, kwamba nyumbani kwao, dukani au kanisani kuna gazeti gani la zamani la Kiswahili, lenye picha au lisilo na picha, baada ya miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo hakuna mtu wa ng'ambo atakayetukusanyia. Karatasi ya mwaka 1944 haina umeme ndani yake. Mchwa wakiifikia kabla yetu, itakuwa imekwisha.